Sindano zilizojificha ndani ya mkonge

Anayeparua jani la mkonge kwa mkono ili apate singa za kusokota kamba, iwe Bugwema huko Musoma Vijijini au kwingineko Kanda ya Ziwa, anaujua mwasho unaopanda hadi kwenye kiwiko. Wengi husema ni sumu ya utomvu. Lakini ukiutazama utomvu huo kwa hadubini, utaona sindano.

Wanasayansi huziita rafidi. Ni fuwele za kalsiamu oksaleti ambazo mmea huziunda wenyewe ndani ya seli maalumu, zikiwa zimelala kwa mafungu kama njiti ndani ya kiberiti. Jani likikatwa, seli hupasuka na sindano humwagika.

Mwaka 2001 watafiti wa Mexico walichapisha uchunguzi wao kuhusu agave ya tequila, ndugu wa karibu wa mkonge. Tone moja la utomvu lilikuwa na sindano 100 hadi 150, nyingine zikifika nusu milimita, zimechongoka ncha zote mbili. Viwandani, watano kati ya kila wafanyakazi sita walioshika mashina ya agave waliwashwa.

Sindano hazifanyi kazi peke yake. Mwaka 2014 watafiti wa Japani waliwalisha viwavi rafidi za tunda la kiwi, wakawalisha pia kimeng'enya cha tunda hilo kinachomeng'enya protini. Kila kimoja peke yake kilidhuru kidogo sana; vilipochanganywa, viwavi walikufa. Sindano hutoboa, kimeng'enya kikapenya. Magimbi nayo yana rafidi, ndiyo maana yasipoiva vizuri huwasha koo. Maji ya moto hayaziyeyushi sindano; moto huharibu protini zinazosaidiana nazo.

Gugumaji la Ziwa Victoria pia lina sindano hizi, nalo mara nyingi hung'olewa kwa mikono mitupu.

Tukirudi kwenye mkonge, uliletwa Pangani mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche 62 tu ikiwa hai. Katika mashamba makubwa ya Tanga jani hupita kwenye korona, mashine ya kuparulia. Kijijini ni kisu, ubao na ngozi ya mtu. Glavu nzito na shati la mikono mirefu ni vifaa vya kazi hii, na kikundi chochote kinachopewa mtaji wa kusokota kamba kinastahili kupewa vifaa hivyo pia. Utomvu ukiruka machoni, osha kwa maji mengi safi bila kufikicha, maana kufikicha huzisukuma sindano ndani zaidi, kisha nenda zahanati.