Saa Iliyokufa Ndani ya Kompyuta

Nataka kuwaeleza jambo la ufundi liwezalo kuokoa mashine kuukuu zinazotupwa bure.

Kompyuta hapana budi ijue saa na tarehe hata ikizimwa. Katika IBM PC/AT ya mwaka 1984 kazi hiyo ilifanywa na chipu ya Motorola, na betri yake ilikaa mbali; ikiisha, mtu alitia nyingine. Baadaye kampuni ya Dallas Semiconductor, huko Texas, ilitia chipu, fuwele ya saa na betri ya lithiamu katika kijisanduku kimoja, DS1287, ikakijaza gundi ngumu. Betri ilitazamiwa kudumu miaka kumi na zaidi. Nadhani hawakufikiri kwamba mashine zitaishi kuliko betri zake!

Betri ikifa, tarehe hupotea. Lililo baya zaidi, kompyuta husahau aina ya diski yake, maana habari hizo zilitunzwa humo humo. Basi mwenyewe husema diski imekufa, akaitupa pamoja na yote yaliyoandikwa ndani, kumbe diski ni nzima.

Waweza kununua DS12887, nayo huingia mahali pale pale. Lakini tazama tarehe iliyopigwa juu yake: 9305 maana yake ni juma la tano la mwaka 1993. Hiyo ni maiti nyingine.

Mimi napendelea kutengeneza ile ya zamani. Ing'oe kwanza kwenye bodi, na ujifunge kitambaa puani, kwa sababu vumbi lake si zuri. Miguu ni 24. Wa 16, ambao ni hasi, na wa 20, ambao ni chanya, huonekani kwa nje, kwa kuwa imekunjwa kwenda juu ndani ya gundi. Sugua ubavu kwa tupa, polepole, mpaka shaba ing'ae. Kisha ikate yote miwili upande wa juu, kuitenga na betri iliyokufa. Ukiiacha, itainyonya ile mpya. Kwenye vipande vya chini lehemu nyaya mbili za kishikio cha betri ya CR2032, ya volti 3, iuzwayo kwa mafundi wa saa.

Rudisha kijisanduku, washa, andika tarehe na namba za diski, ambazo mara nyingi zimechapwa juu ya diski yenyewe. Zima, ulale, uwashe tena asubuhi.