Kupima Kazi ya Akili ya Mwanafunzi

Mwalimu akisha kufundisha, hutoa maulizo, kisha huandika pointi. Mwanafunzi mmoja amepata 8 juu ya 10, na mwenzake 8 juu ya 10. Twasema: hawa ni sawa. Lakini wa kwanza amepanda mlima mikono mitupu, na wa pili amepanda mlima ule ule na mzigo wa mihogo mgongoni. Pointi hazionyeshi mzigo. Kesho tukiongeza somo, wa pili ndiye atakayeanguka, nasi tutamwita mvivu.

Mzigo huo John Sweller wa Australia aliuandikia mwaka 1988. Akili haiwezi kushika mambo mapya mengi kwa mara moja. George Miller, mwaka 1956, alihesabu kama saba. Nelson Cowan, mwaka 2001, aliona ni karibu manne tu.

Sasa tutazame somo ambalo katekista wa Baraka au Fizi hawezi kuliacha: mashahidi wa tarehe 28 Novemba 1964, waliotangazwa Wenye Heri huko Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Mtoto asikia kwa mara moja Luigi Carrara, Vittorio Faccin, Giovanni Didonè, Albert Joubert. Majina manne ya kigeni, mahali pawili, tarehe mbili. Tena watatu ni mapadri na mmoja ni ndugu mtawa. Na kama twafundisha kwa Kifaransa, naye nyumbani asema Kibembe, amekwisha kuchoka kabla habari yenyewe haijaanza. Uchokovu huo hautoki katika somo, watoka kwetu sisi. Afadhali kuanza Baraka: hapo waliuawa Carrara na Faccin. Halafu Fizi: Didonè na Joubert. Majina manne yamekuwa vifungu viwili, na kila kifungu kimefungwa mahali ambapo mtoto apajua.

Je, tutajuaje kama mzigo umepungua? Mwaka 1966 Daniel Kahneman na Jackson Beatty walipima mboni ya jicho, wakaona yapanuka kadiri mtu anavyopewa tarakimu nyingi za kukumbuka. Vyombo hivyo havifai darasa letu. Fred Paas, mwaka 1992, alitumia njia nyepesi: baada ya zoezi aliwauliza wanafunzi wenyewe wametumia nguvu gani ya akili, toka 1, kidogo sana sana, mpaka 9, nyingi sana sana. Mwaka uliofuata, pamoja na Jeroen van Merriënboer, aliweka namba hiyo karibu na pointi. Pointi nyingi na nguvu kidogo: mtoto ameshika. Pointi nyingi na nguvu nyingi: tusiongeze bado. Pointi chache na nguvu nyingi: mwalimu abadili njia yake. Pointi chache na nguvu kidogo: hapo tu ndipo pengine pa kukaripia.

Lakini tujihadhari. Watoto wetu huogopa aibu, au hutaka kumpendeza mwalimu, wakasema 2 wakati ni 8. Basi wafumbe macho wote, kila mmoja aonyeshe vidole. Namba isisomwe kwa sauti wala isigeuzwe kuwa pointi. Tena 6 ya huyu si 6 ya yule: tumlinganishe mtoto na nafsi yake ya juma lililopita. Na anayeonyesha 1 kila siku, huenda hajifunzi kitu kipya.

Katika seminari, hasa kwa Kilatini na filosofia, namba iulizwe katikati ya somo pia, kwa maana mwishoni mseminari amekwisha kusahau pale alipokwama.