Mwenyeji wa Garsen Aingiapo Mombasa kwa Mara ya Kwanza

Mtu aliyezaliwa ukingoni mwa Mto Tana, akakulia Garsen au katika vijiji vilivyo jirani, huwa amesikia habari za Mombasa tangu utoto wake. Amesikia habari za meli, za ngome, za majumba ya ghorofa, na za jamaa waliokwenda huko kutafuta kazi wasirudi upesi. Lakini kusikia si kuona. Siku aingiapo mji ule kwa mara ya kwanza mambo mengi humshangaza, na mengine humtia hofu. Mara nyingi mgeni huyo hurudi kwao akisema kwamba watu wa mjini hawana utu, wala hawajui kitu ila fedha. Je, maneno hayo ni ya kweli? Hapa chini yaelezwa mambo ambayo mgeni huyaona kwanza, pamoja na sababu zake, ili atakayesafiri baadaye asitishike bure wala asidanganywe.

Safari yenyewe

Toka Garsen mpaka Mombasa ni mwendo wa kilometa 230 hivi. Gari hupita katika nyika tambarare, huvuka Mto Sabaki karibu na Malindi, hufuata ukingo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, kisha huvuka hori ya Kilifi juu ya daraja refu lililofunguliwa mwaka 1991. Kabla ya mwaka huo magari yalivushwa hapo kwa pantoni, kama vile wazee wa Garsen wakumbukavyo pantoni iliyokuwa ikivusha watu Mto Tana kabla hawajapata daraja lao.

Baada ya Mtwapa, mgeni huanza kutazama mbele apate kuona mahali mji unapoanzia, asipaone. Huona maduka, kisha nyumba, kisha maduka tena, bila shamba wala kichaka kati yake. Kijiji cha mtoni kina mwanzo na mwisho, na mtu aingiaye huonekana toka mbali. Mji mkubwa hauna mlango. Mtu hustuka tu akajua kwamba yumo ndani yake.

Soko la Kongowea

Wengi watokao Tana hufika kwanza Kongowea, soko kubwa lililo upande wa bara, kabla ya kuvuka Daraja la Nyali kuingia kisiwani. Malori yenye maembe, ndizi, nyanya na vitunguu hufika hapo usiku, na biashara ya jumla hufanywa alfajiri, watu wengine wangali wamelala.

Hapa mkulima hupata mshangao wake wa kwanza ulio mchungu. Embe alilouza shambani kwa bei ndogo sana, hulikuta likiuzwa mjini kwa bei iliyo mara nyingi zaidi. Hudhani kwamba ameibiwa. Pengine ni kweli kwamba amepunjwa, lakini yafaa ajue jinsi bei inavyopanda. Kati ya mwembe na mlaji yupo mwenye lori, upo ushuru wa kaunti na wa soko, wapo wapakuzi, yupo dalali, na yupo mchuuzi wa rejareja. Tena yapo maembe yaozayo njiani ambayo hayana mnunuzi, na hasara yake hutiwa katika bei ya yale mazima. Zaidi ya hayo, bei ya alfajiri hutegemea idadi ya malori yaliyofika usiku ule. Yakifika mengi, bei huanguka. Yakifika machache, hupanda.

Kwa hiyo mkulima mwenye busara hashushi mzigo kabla ya kuuliza bei kwa watu watatu au wanne mbalimbali. Kadhalika hupiga simu siku moja kabla ya safari, akamwuliza mtu amjuaye kama soko limejaa. Dalali si adui, kwa maana anawajua wanunuzi ambao mgeni hawajui; lakini yapasa ujira wake utajwe kabla ya mauzo, wala si baada yake. Mwenye kunyamaza mwanzoni hulipa mwishoni.

Na fedha zikiisha kupatikana, zisitembezwe mfukoni mjini kutwa nzima. Tangu mwaka 2007 Wakenya wanaweza kutumiana fedha kwa simu kwa njia ya M-Pesa, na mkulima aweza kuzituma nyumbani kabla hajatoka sokoni. Lakini namba yake ya siri asimwambie mtu ye yote, hata akiwa amevaa suti, hata akijiita ofisa. Matapeli wa mjini hawamjii mgeni kwa ukali. Humjia kwa ukarimu, wakamwita mjomba, wakajitia kumsaidia. Mgeni aliyepotea njia na amwulize askari, au mwenye duka aliye ndani ya duka lake. Kuuliza si ujinga.

Watu wasiosalimiana

Gari livukapo Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 mahali palipokuwa na daraja la kuelea la mwaka 1931, mgeni huwa yumo kisiwani. Magari mengi ya njia ya Malindi humteremsha upande wa Mwembe Tayari, mahali ambapo jina lake tu humfurahisha mtu wa maembe. Lakini furaha hiyo haikai sana. Husalimu watu kumi, akaitikiwa na wawili.

Sababu yake yaweza kuonekana katika hesabu. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Tana River ilikuwa na watu 315,943 katika nchi ipitayo kilometa za mraba 35,000. Kaunti ya Mombasa, ambayo nchi yake yote ni kilometa za mraba 220 hivi, ilikuwa na watu 1,208,333. Maana yake ni kwamba katika Tana River kila kilometa ya mraba ina watu wasiofika kumi, na katika Mombasa ina watu zaidi ya elfu tano. Mpokomo akikutana na Muorma njiani huuliza habari za nyumbani, za mifugo, za mvua na za mto, kwa sababu huenda asikutane na mtu mwingine mpaka jioni. Mtu wa Mombasa akifanya hivyo kwa kila amwonaye, hatafika kazini hata kesho.

Wala si kwamba salamu zimekufa. Mgeni akiingia katika mitaa ya Mji wa Kale, akamkuta mzee ameketi barazani, akamwamkia kwa shikamoo, ataitikiwa vizuri, na pengine atakaribishwa kahawa. Adabu ipo, ila ina mahali pake.

Maji yanayouzwa

Jambo ambalo humstaajabisha mtu wa Tana kuliko yote ni maji. Amezoea mto uendao upande mmoja tu, kutoka milimani mpaka baharini kule Kipini. Mombasa huona maji ya bahari yakijaa na kupwa mara mbili kwa siku, hata mahali palipokuwa na mashua asubuhi huwa matope mchana. Na maji hayo yote yaliyokizunguka kisiwa hayanyweki.

Halafu huona vijana wakisukuma mikokoteni yenye madumu ya maji, wakiyauza nyumba kwa nyumba. Kwa mtu ambaye kwao maji ya mto si mali ya mtu, na ambaye shida yake mara nyingi ni mafuriko kuingia nyumbani, jambo hilo ni kama ndoto. Lakini kisiwa cha Mombasa hakina mto. Sehemu ya maji yake hutoka katika chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo, kwa bomba refu la kilometa 220 hivi lililojengwa katika miaka ya 1950. Sehemu nyingine hutoka Baricho, ukingoni mwa Mto Sabaki. Maji hayo hayawatoshi watu wote, na mfereji ukikauka ndipo mkokoteni hupita.

Hapa ndipo mgeni aanzapo kuelewa mji ni kitu gani. Mji hauna shamba, hauna kisima cha kutosha, hauna malisho. Karibu kila kitu kinachotumiwa ndani yake kimeletwa toka mbali, na kila mtu aliyekileta amelipwa. Ndiyo sababu kila kitu kina bei, na ndiyo sababu watu wana haraka. Si kwamba mioyo yao ni ya mawe. Mtu akosaye mshahara wa siku moja mjini hana muhogo wa kung'oa nyuma ya nyumba.

Kivuko cha Likoni

Upande wa kusini, kisiwa hutengwa na bara kwa mkondo wa bahari uendao bandari ya Kilindini, bandari ambayo jina lake hutokana na kina cha maji yake. Hapo watu huvuka kwa kivuko cha Likoni. Waendao kwa miguu hawalipi nauli. Wenye magari hulipa. Mgeni huona umati ukisimama nyuma ya lango, kisha lango likifunguliwa wote hutelemka pamoja kama ng'ombe waendao mtoni kunywa. Hofu humshika, naye hutaka kukimbia ili asiachwe.

Asikimbie. Kivuko kingine kitakuja. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe, katika bandari hiyo hiyo, kilipinduka karibu na ufuko kikiwa kimejaza watu kupita kiasi, na watu zaidi ya 250 wakafa maji. Watu wa Tana, ambao wanajua mtumbwi uliozidiwa na mzigo unavyofanya, hawahitaji kuelezwa zaidi. Akiambiwa angoje, na angoje. Akiisha kupanda, asimame mahali alipoelekezwa, na watoto awashike mkono.

Mambo ya kutazama

Akiwa na nafasi ya saa mbili au tatu, mgeni asikose kuiona Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waomani waliizingira toka mwaka 1696 mpaka 1698, ndipo wakaitwaa. Wakati wa utawala wa Waingereza iligeuzwa gereza, na tangu mwaka 1962 imekuwa jumba la makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia. Karibu nayo ndiyo Mji wa Kale, ambao vichochoro vyake ni vyembamba ili nyumba zipate kutiana kivuli.

Katika barabara ya Moi ataona pembe nne kubwa za ndovu zilizokingamana juu ya njia. Wageni wengi hudhani ni pembe za kweli. Zilisimamishwa katika miaka ya 1950 kwa heshima ya ziara za jamaa ya kifalme ya Uingereza, nazo ni za bati la alumini. Hakuna ndovu awezaye kubeba pembe kama hizo.

Taa za usiku

Jua likisha kuchwa, mgeni huona taa nyingi kuliko nyota. Huenda akajiona mdogo, akasema moyoni kwamba yeye ametoka gizani na hawa wamo nuruni. Lakini taa hizo nazo zimetoka mahali. Huko juu, Mto Tana umezuiwa kwa mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. La kwanza kuzalisha umeme lilikuwa Kindaruma, mwaka 1968, na la Kiambere lilianza mwaka 1988. Toka Kiambere nyaya kubwa za umeme zimevutwa mpaka Rabai, karibu na Mombasa. Si umeme wote wa mji utokao huko, lakini sehemu yake umetokana na maji yale yale yapitayo Garsen. Na wakulima wa mtoni wanajua kwamba hawakupewa nuru hiyo bure, maana mabwawa yamebadili mafuriko yaliyokuwa yakirutubisha mashamba yao, na vijiji vingi vya Tana vilikaa miaka mingi bila taa hata moja.

Tena, mgeni akipita asubuhi karibu na shule, akasikia watoto wakiimba wimbo wa taifa, asimame asikilize vizuri. Sauti ya wimbo huo, uliotumiwa tangu uhuru wa mwaka 1963, ilitokana na wimbo ambao mama wa Kipokomo huwabembelezea watoto wao.

Basi mtu wa Garsen asiingie Mombasa kama mwombaji aingiaye nyumba ya tajiri. Ameingia mji ulao maembe yake na uwakao taa za mto wake. Na aingie kwa adabu, kwa maana mji una wenyewe. Na aingie kwa tahadhari, kwa maana fedha za msimu mzima zaweza kupotea katika robo saa. Lakini bei ya mzigo wake na aitaje kwa sauti isikikayo. Akirudi nyumbani na kuulizwa habari za mji, ataweza kusema zaidi ya kwamba watu wa huko hawaitikii salamu. Ataweza kuwaambia jirani zake embe moja liliuzwa kwa bei gani Kongowea, na ni nani alichukua fedha zilizo kati.