Kisima Kilichokunywa Mafuriko

Sogeeni hapa, wajukuu zangu. Mnakumbuka masika ya mwaka 2024? Mto Rufiji ulivuka kingo zake, ukafunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, mkoani Pwani. Mafuriko ya namna ile yakipungua huacha visima vimejaa pomoni, na mwenye kisima anaweza kudhani amepata neema.

Neema gani hiyo! Maji ya mafuriko hayachagui njia. Yamepita chooni, yamepita zizini, yameingia hata kwenye stoo ya dawa za shamba, ndipo yakatumbukia kisimani.

Siku chache baadaye tope hutuama. “Bibi, mbona maji meupe pe?” Ndiyo, meupe. Lakini vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havionekani kwa macho, na vinaweza kuwa humo humo.

Basi kisima husafishwaje? Kwanza watu husubiri. Udongo ukiwa bado umelowa, maji yaliyomo ndani husaidia kuzishikilia kuta. Ukiyakomba yote kwa pupa, zinaweza kuporomoka. Na kushuka kisimani si kazi ya mtoto, abadani. Chini huweza kukusanyika hewa mbaya isiyo na harufu, ikamwangusha hata mtu mzima kabla hajapiga yowe. Kazi hiyo waachieni mafundi.

Ardhi ikishakauka, mafundi huteka maji yale, huzoa tope na kusugua kuta, ndipo hutia klorini. Wenye haraka huanza na klorini, na hapo ndipo wanapokosea: katika maji ya tope dawa huishia kwenye uchafu, kama sabuni inavyoishia kwenye shuka lenye matope, na vijidudu vinasalimika. Dawa huachwa humo usiku kucha, kisha maji huchotwa na kumwagwa mbali mpaka harufu kali iishe. Hata hapo msiyaamini kwa pua. Bwana afya aitwe, maji yakapimwe maabara.

Mpaka majibu yatoke, maji ya kunywa, hata ya kusukutulia, yachujwe kwa kitambaa safi na kuchemshwa. Msiyaepue mkiona mvuke tu. Yatokote kwa nguvu walau dakika 1, yapoe yakiwa yamefunikwa, myachote kwa kata yenye mpini. Ila yakinuka petroli au dawa ya shamba, hata mkiyachemsha kutwa hayafai. Tafuteni maji kwingine, na jirani anayeteka hapo mwambieni naye aache.