Somo na Wajina: Watu Mashuhuri Walioshiriki Jina Moja

Kiswahili kina neno lake la kumtaja mtu mwenye jina sawa na la mwingine, nalo ni somo, au wajina kwa wengine, na si jambo la kupuuzwa kwamba neno hilo la kwanza humtaja pia kungwi, yaani mwanamke mtu mzima anayemfunda mwari katika unyago. Inaelekea lugha yenyewe iliona kuwa mtu hawezi kubeba jina la mwenzake bila kuingia naye katika uhusiano wa namna fulani, uwe wa utani au wa heshima. Lakini majina yalipoanza kuandikwa katika pasipoti, katika orodha za washindi na juu ya majalada ya vitabu, mahali ambapo hapana uso wala sauti ya kumtofautisha mtu na somo wake, uhusiano huo ukaanza kuleta mkanganyiko. Historia ya watu kadhaa mashuhuri inaonyesha kwamba katika jamii nyingi za Afrika Mashariki jina halikukusudiwa kamwe kumtenga mtu mmoja na watu wengine wote. Lilikusudiwa kumfungamanisha na waliomtangulia, na kazi ya kumtofautisha iliachiwa jina la baba, mahali alipotoka, au lakabu, ambalo ni jina la kubandikwa na watu kutokana na tabia au umbo.

Katika visiwa vya Zanzibar na pwani ya bara, mtu huitwa kwa jina lake likifuatwa na la baba yake na pengine la babu yake, zamani kwa kiungo cha "bin" au "binti" na siku hizi mara nyingi bila hicho. Kwa kuwa baba wengi hupenda kumpa mtoto wa kiume jina la babu yake, mnyororo huu hugeuka ukajirudia. Abeid Amani Karume, aliyeiongoza Zanzibar tangu Mapinduzi ya Januari 1964 hadi alipouawa Aprili 1972, alikuwa Abeid mwana wa Amani, na mwanawe, aliyekuwa rais wa visiwa hivyo kuanzia 2000 hadi 2010, ni Amani mwana wa Abeid. Msomaji mgeni anayekutana na majina hayo mawili kitabuni anaweza kudhani kwamba ni mtu mmoja ambaye jina lake limepinduliwa na karani mzembe, kumbe mpangilio wa maneno ndio unaobeba habari yote. Hali hiyo inaonekana kwa namna nyingine katika jina la Salim Ahmed Salim, mwanadiplomasia wa Tanzania aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuanzia 1989 hadi 2001, kwa maana Salim wa mwisho si yeye bali ni babu yake.

Yapo pia majina yanayotokana na kalenda, kama vile Shaaban, Rajabu na Ramadhani kwa miezi, na Juma kwa siku ya Ijumaa, ambayo kwa asili yake hayawezi kuwa mali ya mtu mmoja. Jina la Juma limebebwa na Juma Ikangaa, askari na mkimbiaji wa Tanzania aliyeshinda mbio za marathoni za New York mwaka 1989. Limebebwa na Juma Mwapachu, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kati ya 2006 na 2011. Na limebebwa na Juma Nature, msanii wa Temeke aliyekuwa miongoni mwa sauti kuu za muziki wa kizazi kipya. Haifuati kwamba kila Juma alizaliwa siku ya Ijumaa, kwani jina likishaingia katika ukoo hurithiwa bila kuulizwa siku.

Pale ambapo majina ya namna hii yamezidi kufanana, lakabu ndilo lililofanya kazi ya kutenganisha, na wakati mwingine likalifunika jina lenyewe. Mfanyabiashara maarufu wa pembe za ndovu na watumwa aliyefariki Zanzibar mwaka 1905 aliitwa Hamed bin Muhammed, majina mawili ambayo yangeweza kumtaja mtu yeyote katika mitaa ya Mji Mkongwe wakati ule, lakini hapakuwa na Tippu Tip mwingine, liwe lakabu hilo lilitokana na mlio wa bunduki zake, kama wanavyosimulia baadhi ya watu, au na kupepesa kwa macho yake, kama wanavyosimulia wengine. Mwimbaji wa taarabu na unyago aliyefariki mwaka 2013 aliitwa Fatuma binti Baraka, na akina Fatuma ni wengi mno. Dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude. Masultani wa Zanzibar hawakuhitaji lakabu, kwa sababu jina la baba lilitosha: Ali bin Said aliyetawala kuanzia 1890 hadi 1893 hakuchanganywa na Ali bin Hamud aliyetawala kuanzia 1902 hadi 1911, wala Khalifa bin Said na Khalifa bin Harub. Desturi ya Ulaya ya kuwapa wafalme wa jina moja nambari, wa kwanza na wa pili, ni tiba ya ugonjwa ambao watu wa pwani hawakuwa nao.

Huko Ulaya na Marekani, ambako jina la ukoo husimama badala ya jina la baba na ambako mtu hutarajiwa kulimiliki jina lake karibu kama anavyomiliki shamba, kufanana kwa majina huonekana kama ajali inayohitaji kusuluhishwa. Mfano unaojulikana sana ni wa mwaka 1899, wakati kijana Mwingereza aitwaye Winston Churchill, aliyekuwa mwandishi wa habari za vita na anayetamani siasa, alipogundua kwamba watu walikuwa wakimpongeza kwa riwaya ambayo hakuiandika. Riwaya hiyo, Richard Carvel, ilikuwa ya Winston Churchill wa Marekani, mzaliwa wa St. Louis aliyemzidi umri kwa miaka mitatu na aliyekuwa wakati ule na sifa kubwa zaidi. Mwingereza alimwandikia mwenzake barua ya adabu, wakakubaliana kwamba Mwingereza aongeze Spencer, sehemu ya jina la ukoo wake, kila anapotia sahihi kazi zake, na ndiyo maana majalada ya vitabu vyake hubeba herufi S katikati ya majina mawili. Walikutana Boston mwaka uliofuata. Mmarekani naye aliingia katika siasa za jimbo la New Hampshire na akashindwa kuupata ugavana, na leo riwaya zake hazisomwi na wengi, ilhali yule aliyekubali kurefusha jina ndiye aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1953.

Tukirudi Afrika Mashariki, kwa Wakalenjin wa magharibi ya Kenya jina la mtoto hueleza saa, mahali au hali aliyozaliwa, kwa kiambishi cha Kip au Ki kwa wanaume na Chep au Che kwa wanawake, ingawa yapo yasiyofuata mpaka huo. Kipchoge ni aliyezaliwa karibu na ghala la nafaka, na hivyo Kipchoge Keino, mshindi wa mita 1,500 katika Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, na Eliud Kipchoge, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mwaka 2016 na tena katika michezo ya Tokyo, wote wawili Wanandi, hawakuunganishwa na damu bali na ghala. Kwa desturi, kijana aliyekwisha kupita jando huchukua jina la baba yake likiwa limevuliwa kiambishi na kutanguliwa na neno "arap", yaani mwana wa. Kwa njia hiyo mwana wa Kimoi akawa Daniel arap Moi, rais wa Kenya kuanzia 1978 hadi 2002. Kwa njia hiyo pia jina Ruto, ambalo ni Kipruto lililovuliwa kiambishi na humaanisha aliyezaliwa safarini, linamwunganisha William Ruto, aliyeingia ikulu ya Nairobi mwaka 2022, na wakimbiaji Brimin Kipruto na Conseslus Kipruto, waliotwaa dhahabu za Olimpiki za mita 3,000 kuruka viunzi na maji mwaka 2008 na 2016.

Kwa watunza kumbukumbu za riadha, mambo yalifikia kilele chake Boston. Robert Cheruiyot wa kwanza alishinda marathoni ya mji huo mwaka 2003, kisha 2006, 2007 na 2008, na mwaka 2006 aliweka rekodi ya njia hiyo; mwaka 2010 rekodi hiyo ilivunjwa na Robert Cheruiyot, ambaye alikuwa mtu mwingine kabisa. Majina ya Kikalenjin yalikuwa na jibu tayari, kwani mkubwa ni Kipkoech na mdogo ni Kiprono, lakini bango la matokeo lililopunguza kila mtu kuwa jina la ubatizo na jina la mwisho lilikuwa limeyatupa maneno yale yale yaliyowatofautisha.

Kwa Wagikuyu kanuni ya kurudia majina imekazwa sana. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, wa pili la baba wa mama yake. Binti wa kwanza huitwa kwa jina la mama wa baba, wa pili kwa la mama wa mama, na baada ya hapo zamu hupita kwa ndugu wa wazazi. Hii haihesabiwi kuwa ukumbusho tu, kwani mtoto huonekana kuwa ndiye yule aliyetajwa, na mama anaweza kumwita mwanawe "baba" bila mzaha. Katika ndoa ya wake wengi kanuni huanza upya kwa kila mke, na matokeo yake yanaonekana wazi katika nyumba ya Jomo Kenyatta, ambaye baba yake aliitwa Muigai na mama yake Wambui. Mke wake wa kwanza, Grace Wahu, alimzaa Peter Muigai na Margaret Wambui. Miongo kadhaa baadaye Mama Ngina alimzaa Kristina Wambui na Uhuru Muigai, aliyekuwa rais wa nne wa Kenya. Hivyo baba mmoja akawa na zaidi ya Muigai mmoja na zaidi ya Wambui mmoja, na hakuna aliyeona ajabu. Uhuru naye alimwita mwanawe Jomo na binti yake Ngina.

Kilichowachanganya watu katika familia hiyo ni jina la ubatizo. Margaret Wambui Kenyatta alikuwa meya wa Nairobi kuanzia 1970 hadi 1976, Mwafrika wa kwanza mwanamke kushika cheo hicho, na baadaye aliiwakilisha nchi yake katika Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Margaret Gakuo Kenyatta, mke wa Uhuru na kwa hiyo wifi yake, alikuwa mke wa rais kuanzia 2013 hadi 2022, akakimbia marathoni ya London mwaka 2014 ili kuchangisha fedha za zahanati za magari kwa ajili ya akina mama na watoto. Akikutana na jina la Margaret Kenyatta peke yake, msomaji wa nyaraka za Kenya lazima atazame kwanza mwaka.

Majina ya wanawake wa Kigikuyu hurudiwa zaidi kwa sababu hadithi ya asili huwataja mabinti wa Gikuyu na Mumbi, waanzilishi wa koo, na majina yao, kama vile Wanjiru, Wambui, Wanjiku na Wangari, yangali yakizunguka. Wangari ni jina la Wangari Maathai, aliyeanzisha harakati za kupanda miti mwaka 1977 na kutunukiwa Nobel ya Amani mwaka 2004. Wanjiku limekuwa hata neno la kawaida: tangu mijadala ya katiba ya miaka ya 1990, Mkenya akisema "Wanjiku" anaweza kuwa anamtaja mwananchi yeyote asiye na cheo. Na Wanjiru ni jina ambalo Samuel Kamau Wanjiru, Mkenya wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki, alilipeleka Beijing mwaka 2008. Alikuwa mwanamume mwenye jina la kike kwa sababu ndilo jina la mama yake, aliyemlea.

Jina Ngugi lina njia mbili. John Ngugi, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano kati ya 1986 na 1992 na mshindi wa mita 5,000 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, alilibeba kama jina lake la pili, huku jina lake la mwisho, Kamau, likiachwa mara nyingi na watangazaji. Mwandishi aliyezaliwa Limuru mwaka 1938 alilibeba kwanza kwa mtindo huo huo, kwani riwaya zake za mwanzo, kuanzia ile ya mwaka 1964, zilitolewa kwa jina la James Ngugi, jambo lililolifanya Ngugi lionekane kuwa jina la ukoo la Kizungu ilhali lilikuwa jina lake mwenyewe. Alipoliacha James na kujiita Ngugi wa Thiong'o, alikuwa anarejea katika mpangilio ambao kila Mgikuyu wa kizazi cha baba yake angeuelewa: Ngugi, mwana wa Thiong'o. Jina hilo alilipata kwa upande wa mama, kwa babu yake Ngugi wa Gikonyo, na mama yake, mkulima aliyempeleka shule, alikuwa Wanjiku, binti wa Ngugi huyo. Mwaka 2014 ilitoka riwaya nyingine katika familia hiyo, na jina lililochapishwa juu ya jalada lake, ambalo ni la binti wa mwandishi, ni Wanjiku wa Ngugi.