Koili Kumi na Sita, Betri Moja



Tuseme jamaa yako wa Fedha, Nairobi, ana vitalu 16 vya sukuma wiki, kila kitalu na mpira wake wa maji kutoka tangi. Koili ya waya wa shaba, ikizungushwa juu ya bomba la plastiki, huvuta msumari wa chuma na kufungua maji. Usitumie waya wa mota iliyoungua, kwa maana rangi yake imeharibika. Nunua mpya kwa fundi wa kusuka mota.

Koili ya omu 24 katika betri ya volti 12 hula nusu ampea. Zote 16 pamoja hula ampea 8: betri ndogo itakwisha upesi na mboga zitakauka. Basi zifungue moja moja kwa zamu.

Panga nyaya 4 za kwenda na 4 za kukata, na koili penye kila makutano. Nyaya 8 zatosha badala ya 17. Kila koili itie diodi mbili: moja izuie umeme usipite njia nyingine, ya pili iupokee umeme unaoruka koili izimwapo, usije ukaunguza swichi.

Jaribu koili moja kwanza. Ikichoma mkono, ongeza mizunguko ya waya.