MBWA AKITOKWA NA UDENDA, USITIE MKONO KINYWANI



Leo tuzungumze juu ya meno. Si meno yako wala yangu. Ni meno ya mbwa anayelinda nyumba yako usiku, na ya paka anayekamata panya ghalani. Pengine utacheka na kusema, "Mganga huyu amekosa wagonjwa?" Sijakosa. Mgonjwa mmoja ndiye aliyenifanya niandike haya.

Mgonjwa aliyetaka dawa ya mchubuko

Nilikuwa na miezi michache tu tangu nipate cheti changu. Jioni moja mzee mmoja alikuja zahanati. Alikuwa na mchubuko mdogo kidoleni. Akaniambia, "Mwanangu, nipake dawa kidogo, nirudi nyumbani kabla ya giza."

Nikachukua pamba. Nilipokuwa tayari kumpaka, nikamwuliza, "Mzee, umeumia na nini?"

Akajibu, "Ni jino la mbwa wangu. Lakini hakuniuma. Amekwamwa na mfupa. Taya limeshuka, udenda unamtoka, hawezi kumeza hata maji. Nikatia mkono nimtoe huo mfupa, lakini sikuuona."

Nikaiweka pamba chini. Nilikumbuka somo tulilofundishwa: mbwa mwenye kichaa anaweza kuonekana kama mbwa aliyekwamwa na mfupa. Nilikiosha kidole kile kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Usiku ule ule tukamtafutia mzee usafiri wa kwenda hospitali kuchanjwa. Mbwa alikufa siku ya tatu. Mzee alimaliza sindano zake zote, na yu hai.

Nami nakiri kosa langu. Swali lile nilipaswa kuliuliza kwanza, kabla ya kushika pamba. Ningemwacha aende bila kuuliza, pengine leo ningekuwa nasimulia habari nyingine.

Meno ya mbwa na paka

Mtu mzima ana meno 32. Mbwa mkubwa ana meno 42: juu 20, chini 22. Paka mkubwa ana meno 30. Mtoto wa mbwa ana meno ya utoto 28. Huanza kung'oka akiwa na umri wa miezi 4 hivi. Akifika miezi 7 huwa amekwisha pata meno ya ukubwa. Kwa hiyo ukiokota kijino uani, usishtuke. Mtoto wa mbwa anabadili meno, kama mtoto wako.

Meno ya wanyama hawa huharibika kama yetu. Mabaki ya chakula na vijidudu hufanya utando juu ya jino. Utando usiposafishwa hugeuka kuwa ukoga mgumu wa rangi ya manjano au kahawia. Ukoga huumiza ufizi. Ufizi huvimba na kutoa damu. Mwishowe jino hulegea na kung'oka.

Mifupa nayo huvunja meno. Watu wengi husema mfupa ni chakula cha mbwa. Lakini mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kali. Vipande hivyo huweza kuchoma ufizi, kukwama kooni au kutoboa utumbo. Mpe mbwa ugali na mabaki ya nyama au dagaa. Mfupa wa kuku uliopikwa uzike.

Dalili za jino bovu

Mbwa au paka anayeumwa jino huonyesha dalili hizi:

1. Kinywa chake hunuka vibaya.
2. Hutafuna kwa upande mmoja, au huangusha chakula.
3. Ufizi wake ni mwekundu au hutoa damu.
4. Hujikuna mdomo kwa mguu wa mbele.
5. Huvimba shavu, au chini ya jicho.
6. Paka huacha kujilamba, na manyoya yake huchakaa.
7. Hutokwa na udenda.

Iangalie vizuri dalili ya 7. Hapo ndipo hatari ilipo.

Udenda wa jino na udenda wa kichaa

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi. Virusi hivyo hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia mwilini mwa mtu kwa kuumwa, kwa kuparuzwa, au mate yakigusa kidonda, jicho au kinywa. Kisha hupanda polepole hadi kwenye ubongo. Mara nyingi mtu huanza kuugua baada ya mwezi 1 hadi miezi 3. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Wala si mbwa peke yake. Paka pia hupata ugonjwa huu.

Watu wengi wanamjua mbwa mwenye kichaa anayekimbia ovyo na kuuma kila kitu, hata mawe na vijiti. Lakini yuko mwingine aliye mpole. Huyu hujificha gizani. Sauti yake hubadilika. Taya lake hulegea, kinywa hubaki wazi, na udenda hutiririka kwa sababu hawezi kumeza. Mwenyewe humwonea huruma. Hufikiri ni jino au mfupa, akatia mkono. Huruma hiyo imeua watu.

Je, wewe na mimi tunaweza kutofautisha kwa macho? Hatuwezi kuwa na hakika. Hata mbwa ambaye bado hajaonyesha dalili anaweza kuwa na virusi katika mate siku chache kabla ya kuugua. Kwa hiyo shika kanuni hii moja: mbwa au paka akitokwa na udenda, usitie mkono kinywani mwake.

Ufanye nini?

1. Waondoe watoto karibu naye.
2. Ukiweza kumfungia ndani bila kumgusa, mfungie.
3. Mwite bwana mifugo. Yeye ndiye atakayesema kama ni jino, mfupa au kichaa.
4. Akifa, usimguse kwa mikono mitupu wala kumchuna. Mwambie bwana mifugo.

Na kama umekwisha umwa, kuparuzwa au kuguswa na mate kidondani:

1. Osha mahali hapo mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15. Usipake pilipili, masizi, mafuta wala majani.
2. Nenda zahanati au hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mchubuko ni mdogo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.
3. Eleza habari yote. Usiseme tu, "Nina kidonda."
4. Maliza sindano zote kwa tarehe utakazopangiwa.

Usiogope sindano hizo. Zamani zilichomwa tumboni, tena zilikuwa nyingi. Sasa huchomwa mkononi, nazo ni chache. Chanjo hii ilianza huko Ufaransa mwaka 1885, pale Louis Pasteur alipomchanja mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto yule hakuugua.

Tunza meno, lakini chanja kwanza

Usidhani nasema tusiwatunze wanyama wetu. Anza mapema, angali mdogo na mzima. Mzoeshe kuguswa mdomo. Funga kitambaa safi chenye maji kidoleni, umsugue meno na ufizi taratibu. Ukiweza, fanya hivyo kila siku. Usitumie dawa ya meno ya watu. Mbwa hawezi kusukutua na kutema, bali huimeza. Nyingine zina sukari ya kiwandani ambayo huweza kumwua. Maji safi yanatosha.

Lakini kabla ya hayo yote, mchanje. Mbwa na paka huchanjwa wakiwa na umri wa miezi 3, kisha kila mwaka. Tunza kadi ya chanjo pamoja na kadi za kliniki za watoto wako. Bwana mifugo akitangaza siku ya chanjo kijijini, mpeleke mbwa wako akiwa amefungwa kamba. Kijiji chenye mbwa wengi waliochanjwa hakiwapi virusi hivi nafasi ya kuenea.

Wahenga walisema: mdharau mwiba mguu huota tende. Mzee yule alikuwa na mchubuko mdogo tu, wala haukutoa damu nyingi. Mchubuko mdogo wa jino la mbwa usiudharau.

Maswali ya kujadili darasani

1. Mbwa mkubwa ana meno mangapi? Na paka?
2. Kwa nini mzee yule alidhani mbwa wake amekwamwa na mfupa?
3. Mtu akiparuzwa na jino la mbwa, afanye nini kwanza?
4. Katika kijiji chetu, mbwa wangapi wamechanjwa mwaka huu? Nani atakwenda kuuliza?